Fomu za Mama Ulizozijaza Bila Kufika Miteja

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Wewe ni mkubwa wangu, hilo halijabadilika. Simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika hapa mtandaoni, hata wengine wakisoma.

Nakumbuka mwaka wangu wa kwanza wodini, uliponichukua twende kijijini Mchinga kumfuatilia nyumbani kwake mzee aliyewekewa nyonga ya bandia. Nilimuuliza, "Hujambo, babu?" Akajibu, "Sijambo, mwanangu." Nikaandika hajambo. Ulininyang'anya kalamu huku unacheka. "Mdogo wangu, watu wa kwetu hata wawe mahututi watakwambia hawajambo. Mwambie ainuke, atembee mpaka mlangoni, wewe umtazame."

Aliinuka. Hatua ya tatu akashika ukuta. Tulimrudisha hospitali siku ileile, na daktari akasema tungechelewa kidogo tu usaha ungeingia kwenye mfupa. Toka siku hiyo nilikuwa nakufuata kama kivuli.

Mama yangu alipobadilishwa nyonga, mimi nikaitwa masomoni. Ulinishika mkono pale stendi. "Mama yako ni mama yangu. Kila mwezi nitafika Miteja." Nikipiga simu, mama alikuwa anasema hajambo. Sikumwamini yeye, niliamini macho yako.

Niliporudi nilimkuta anajiburuta kwa makalio kwenda uani.

"Mwenzio hajafika hata mara moja," aliniambia. "Nikajua mmebanwa na kazi."

Nikaenda wodini kufungua faili lake. Fomu tatu, mwandiko wako: Ameinuka mwenyewe. Ametembea mpaka mlangoni. Hana maumivu.

Nilipokupigia ulisema barabara ilikuwa mbaya, fomu zilikuwa zinadaiwa, na wengi huwa wanapona tu. Wiki ile ukahama bila kuaga.

Mama amepasuliwa mara ya pili. Anatembea kwa mkongojo, na mguu mmoja umebaki mfupi. Bado ananiuliza lini utakuja kumwona. Fomu zako zote nimempelekea daktari, ndiyo, ni mimi. Sasa nawapitia wagonjwa wako nyumba kwa nyumba. Wawili wamesharudi wodini.

Uchovu ningeuelewa, dada. Hata uvivu. Lakini ungekuwa mtu nisiyemwamini, ningeomba ruhusa masomoni, nikarudi kumtazama mama mwenyewe.

Baki salama huko uliko.

Niliyekuwa mdogo wako,
wodi ya mifupa.