Ziba Kila Tundu

Ha Sekoati, Mokhotlong
2 Juni 1999

Mwanangu Katiso,

Amani iwe kwako na kwa wote mnaokaa nao uani huko Tembisa. Sisi hapa hatujambo, ila baridi. Magoti yangu yameanza msimu wao, lakini bado natembea na bado nakula. Wewe je, kile kikohozi kimekuacha?

Nakuandikia ili nipate mtu wa kucheka naye, maana wiki hii nyumba imenigeuka. Jumatatu dume la kondoo la jirani yangu Mama Limpho lilijiona kwenye kioo cha dirisha la mwenyewe, likadhani limepata mpinzani, likakipiga kichwa. Kioo chini. Halafu likaja kwangu kumtafuta yule mpinzani, na dirisha langu nalo likaenda. Nimetundika gunia la unga. Jumanne maji yaliganda ndooni mpaka ndoo ikapasuka. Mlango umekauka na kusinyaa, siku hizi paka anapita chini yake bila kuinama.

Usinihurumie sana. Jioni nawasha jiko la makaa ya mawe nje, moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu naliingiza ndani, naliweka karibu na kitanda. Nalala vizuri, ila upepo wa mlangoni unanishika miguu.

Huu ni mwaka wa tatu hujaja. Sisemi kitu, nakukumbusha tu.

Ni mimi mama yako.


Tembisa
13 Juni 1999

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanao. Kikohozi kimekwisha, nguvu ninazo, shaka ondoa. Barua yako niliwasomea watu wa uani, na Ntate Mosito, mzee wa chumba cha pili, alicheka mpaka akashika ubavu. Anataka kumnunua huyo kondoo.

Lakini mama, nilipomaliza kucheka nilikasirika. Kazi yangu mimi ni nini? Kuweka vioo kwenye ghorofa ya kumi na nane, huko juu ambako upepo unataka kukunyang'anya kofia pamoja na kichwa. Watu wanakaa mle ndani na mashati mepesi, kwa sababu mimi nimeziba. Halafu mama yangu mzazi alale na gunia dirishani? Ningekuja mwenyewe, ila msimamizi hatoi ruhusa mpaka Desemba.

Kwa hiyo nimekutumia mzigo kwa dereva wa basi. Ndani kuna nailoni nene ya dirisha, kopo la puti, ule udongo laini tunaokazia vioo, na kipande kirefu cha mpira wa kupigilia chini ya mlango. Nailoni iwambe ikaze, kisha ipake puti pembeni kote. Na lile tundu la juu, pale paa linapokutana na ukuta, lizibe pia, joto lote linatorokea hapo. Unaipasha joto milima, mama, na milima haijui kushukuru. Ziba kila tundu. Ntate Mosito nimeshamzibia chumba chake, sasa ananiita daktari wa nyumba.

Niandikie ukimaliza, ili nilale kwa amani.

Mwanao,
Katiso


Ha Sekoati
24 Juni 1999

Daktari wa nyumba,

Amani, mwanangu. Mzigo umefika salama, na mkono wako nimeubusu kwa mbali. Mungu akuzidishie.

Nimefanya yote uliyosema, kama ulivyosema. Dirisha limewambwa, puti imekaa, mpira umepigiliwa, tundu la juu limezibwa. Upepo siusikii tena, nausikia kwa majirani tu. Naingiza jiko, nafunga mlango, navua hata kitambaa cha kichwa! Mama Limpho nilimsomea barua yako mara mbili, akasema mtoto kama huyu si wa kuzaliwa tu, ni wa kuombewa. Sikumbishia.

Kwa hiyo lala kwa amani. Nguruwe amenenepa. Theluji bado, lakini mlima umeshafunga uso.

Ni mimi mama yako, mwenye joto.


Tembisa
1 Julai 1999

Mama,

Hujambo mama? Mimi mzima, na leo ni mzima zaidi. Barua yako nimeisoma kazini wakati wa chakula, na msimamizi mwenyewe akaniuliza, "Unacheka nini wewe?" Nikamwambia nimemaliza nyumba moja kule milimani bila kupanda ngazi.

Hakikisha tu mpira wa mlango haujabanduka. Ukibanduka, pigilia tena.

Mwanao,
Katiso


Tembisa
8 Julai 1999

Mama,

Salamu baadaye. Weka barua chini, fungua mlango, chana ile nailoni ya dirisha, ndipo urudi usome. Jiko likiwa ndani, litoe sasa hivi.

Umerudi? Sikiliza. Juzi asubuhi Ntate Mosito hakutoka chumbani. Tuligonga, kimya. Tulivunja mlango tukamkuta amelala, jiko liko pembeni limebaki majivu. Tulimwita, tukamtikisa, hakuamka. Yuko hospitali mpaka leo na hajafumbua macho.

Nesi aliuliza nani aliziba chumba kile namna ile. Nikasema ni mimi. Akanieleza polepole, kama mtu anayemwelezea mtoto. Makaa hata yasipotoa moshi yanatoa hewa yenye sumu. Haina rangi, haina harufu. Nyumba yenye matundu inaitoa nje. Nyumba niliyoziba mimi inamwekea aliyelala, mpaka asiamke.

Mama, nimekutumia kifo kwa basi, na nauli yake nimelipa mwenyewe. Fungua kila kitu. Tafadhali mama. Nijibu siku hiyo hiyo, hata neno moja.

Katiso


Butha-Buthe
19 Julai 1999

Mama,

Natumaini unasoma haya. Sijui nianze na salamu gani.

Jibu lako halikuja. Nilipiga simu kituo cha polisi cha huko, laini zimekatika. Redio ikasema theluji imefunga njia ya juu tangu tarehe sita, nikajua barua yangu imelala njiani. Sikuomba ruhusa, nilipanda gari tu. Nimefika hapa Butha-Buthe, na ndipo mwisho wa basi. Kwa siku mbili nimekaa kituoni nikimsumbua kila dereva. Mmoja ameniambia, "Bwana mdogo, unataka nikuuzie basi ulipandishe mwenyewe, au nikakuue kwenye theluji?" Nilijaribu kwa miguu, polisi wakanirudisha.

Kuna mtu wa farasi anapandisha dawa za zahanati. Amekubali kuchukua barua hii, na ile ya tarehe nane tumeikuta kwenye gunia la posta hapa, anaichukua pia. Mimi amenikataa, anasema farasi ni mmoja.

Nilikwambia uzibe, ukaziba. Siku zote mimi ndiye nilikuwa mkaidi na wewe ndiye unanigombeza. Kwa nini safari hii ulinisikiliza?

Ntate Mosito bado. Mimi narudi Tembisa kesho, pesa imekwisha. Niandikie huko.

Mwanao


Ha Sekoati
24 Julai 1999

Katiso, mwanangu, mwanangu,

Amani. Mimi ni mzima. Naandika tena usije ukaruka mstari: mimi ni mzima. Jana ndipo mtu wa farasi alipofika, akanipa barua mbili kwa mkono mmoja.

Sasa kaa chini nikuambie. Nilikudanganya. Sikuziba hata tundu moja. Dirishani kuna gunia lile lile, paka anapita pale pale. Lile tundu la juu najua nikiliziba macho yataniwasha, na kupanda ngazi kwa magoti haya nipande mimi au upande wewe? Lakini ulikuwa umefurahi mno. Nikaona mtoto yuko mbali, hana la kumfanyia mama yake isipokuwa hili, nikuvunje moyo kwa nini? Nikaandika yale yote. Nikatia na kitambaa cha kichwa. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii tumshukuru Mungu kwamba wewe si mkuu wangu.

Usicheke bado. Mzigo wako sikuutupa. Nilimpa Mama Limpho, ana wajukuu wawili na dirisha lake lilikuwa wazi kama langu. Na barua yako nilimsomea mara mbili, hilo lilikuwa kweli. Yeye alitii. Aliziba mpaka tundu la ufunguo.

Niliposoma barua yako ya kwanza sikuifikisha mwisho. Jua lilikuwa linatua, saa ya kuingiza majiko. Niliondoka na kisu cha kumenyea viazi, theluji mpaka magotini, na magoti hayo hayo mwanangu yalikimbia. Sikubisha hodi. Niliingia nikachana nailoni kutoka juu hadi chini. Mama Limpho akapiga kelele:

"Mama Katiso! Umerukwa na akili? Mali ya mwanao mwenyewe!"

"Toa jiko!"

"Nitoe jiko kwenye baridi hii? Nimekukosea nini?"

"Toa jiko, mwanamke, utukane ukiwa nje!"

Nikalisukuma kwa mguu mpaka mlangoni, sketi ikaungua pindo. Wajukuu wanalia, yeye ananitukana, mimi nalia pia. Ndipo mdogo akasema, "Bibi, kichwa kimeacha kuuma." Mama Limpho akamshika mtoto kichwa. Karibu mwezi mzima, Katiso, watoto wale walikuwa wanaamka na vichwa vinavyogonga, mkubwa anatapika. Bibi yao alidhani ni jicho baya la mkwewe. Aliyewaokoa ni huyo mdogo, anaamka kwenda haja mara tatu kila usiku na mlango unafunguliwa. Alikuwa anapigwa kwa hilo. Hatapigwa tena.

Wamelala kwangu, watu wanne kwenye kitanda na sakafu, jiko nje, na tumepata joto kuliko siku zote. Kwa hiyo usiseme ulituma kifo. Barua yako ilikuja kwa farasi, lakini iliwahi.

Niambie hali ya Ntate Mosito. Namwombea nisiyemjua.

Nami sitakudanganya tena, kwa hiyo chukua hili la kweli. Umenitumia nailoni, puti, mpira na maneno. Mimi nilitaka wewe. Nilikuwa naogopa kulisema.

Mama yako, mzima


Tembisa
4 Agosti 1999

Mama yangu mzazi,

Salamu kutoka kwa mtu aliyefufuka. Na kutoka kwa mwingine: Ntate Mosito alifumbua macho tarehe ishirini na mbili, jambo la kwanza akaomba tumbaku. Nesi akamnyima, naye mzee akamwita mchawi. Amerudi uani, miguu bado mizito lakini mdomo mzima. Nilimwomba msamaha. Akasema nisimwombe msamaha kwa maneno, nimpe kondoo.

Barua yako ililetwa jana nikiwa nimekaa naye mlangoni. Niliuona mwandiko wako juu ya bahasha, nikashindwa kuifungua. Nilifikiri labda uliiandika kabla, labda ilikuwa imelala kwenye gunia kama yangu. Nikaishika, nikaigeuza. Ntate Mosito akainyakua, akasoma muhuri wa posta kwa sauti: "Ishirini na sita Julai. Fungua wewe, maiti haipeleki barua posta."

Nililia, mama. Nililia mbele ya watu wote wa uani, na hakuna aliyenicheka.

Ruhusa nimepewa. Nilimweleza msimamizi yote, akasema angejua mapema angenifukuza yeye mwenyewe niende. Jumamosi napanda basi, njia imefunguliwa. Nakuja na bomba la kutolea moshi, la kwako na la Mama Limpho, na vioo viwili nimevifunga ndani ya blanketi. Nitakaa mpaka mwezi uishe. Ngazi nitapanda mimi.

Usipike kitu cha pekee. Kaa tu mlangoni nikuone.

Mwanao,
Katiso