Kumwondoa Rehema Kwenye Orodha ya Mafundi

Mama Neema,

Huu ni mwezi wa tano tangu tukulaze Morogoro kando ya mama yako, na ndiyo kwanza nakuandikia. Unanijua: siandiki jambo kabla sijalielewa, na hili nimelielewa juzi tu, nikiwa nimesimama katika jiko la mtu mwingine huko Rockville, viatu vimelowa.

Nianze na hali ilivyo. Biashara yako ya mabomba ipo. Gari lako analiendesha fundi mwenzako, Kasongo, na bado linanuka ile gundi ya mabomba uliyokuwa ukiita manukato yako ya kazini. Neema hupiga simu kila Jumapili kutoka chuoni. Namuuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na tunaelewana kiasi cha kutosha kuagana. Nyumba yetu ya Herndon, hapa Virginia, ni kimya. Ndege zinazoshuka uwanjani nazisikia moja moja. Nadhani zilikuwa zikipita vivyo hivyo siku zote.

Tatizo lilianza wiki ya tatu baada ya kurudi kutoka mazikoni. Nilimtuma Kasongo nyumba mbili kwa saa ileile, moja Fairfax, nyingine ng'ambo ya mto, Maryland. Nikarudia kosa hilohilo kwa nyumba nyingine, mwezi baada ya mwezi, mpaka mwanzo wa mwezi huu. Kasongo hakupandisha sauti. Alivua kofia, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi: "Papa Neema, mi nakuheshimia sana. Lakini kuko sosiete, kampuni ingine ya mabomba, inaniita kila siku. Tafuta programu ya kupanga kazi, sawa vile watu wote. Nitangoya mpaka mwisho ya mwezi."

Mwenye leseni ya ufundi amebaki yeye peke yake. Akiondoka yeye, biashara uliyoijenga kwa magoti yako imekwisha, na jina lako ubavuni mwa gari litakuwa rangi tu.

Basi nikatafuta, kwa njia ninayoijua. Nilichora jedwali: programu tatu, vigezo kumi na vinne. Je, inaweza kupanga kazi kwa kufuata njia, gari lisivuke mto mara mbili? Je, ina mahali pa kuandika kwamba mbwa wa nyumba fulani huuma viatu tu? Je, inamtofautisha mteja aliyesema "haraka" na yule ambaye kweli maji yamemfika magotini? Vigezo vyote nilivitoa kwenye daftari letu. Kila asubuhi ulisimama na kikombe chako ukanisomea kazi za siku, nami nikaziandika, nikauliza, nikataka maelezo zaidi, ukanicheka: "Mwalimu, bomba halisubiri ufafanuzi!" Kwa miaka kumi na mmoja, tangu niache kufundisha mantiki pale chuoni, nilisadiki kwamba daftari lile ndilo linaloendesha biashara, na kwamba nilikuwa nimepata kazi nyingine yenye uzito uleule.

Programu ya kwanza iliniuliza nina matawi mangapi. Ya pili haikuwa na nafasi ya mbwa. Neema alisema, kwa Kiingereza chake, nichague yoyote, zote ni sawa. Nilimjibu kwamba "sawa" ni neno linalohitaji kuthibitishwa. Akasema ana kipindi.

Ili jaribio liwe la haki, nilichukua siku yako ya mwisho ya kazi, ile Alhamisi ya nyumba sita, nikaiingiza yote, bila kubadili kitu, katika kila programu. Niliipa tarehe ya kesho yake. Mahali pa fundi niliandika Rehema, kwa sababu ndivyo daftari lilivyosema, na mwenye kujaribu hatakiwi kugusa ushahidi. Sikuona kwamba katika programu ya tatu, kitufe cha kuwaarifu wateja kilikuwa kimewashwa. Mimi, ambaye niliwahi kumrudishia mwanafunzi tasnifu nzima kwa ajili ya tanbihi moja. Kesho yake saa tatu na nusu asubuhi, programu ikafanya ilichoumbiwa kufanya. Iliwaandikia watu sita kwamba Fundi Rehema yuko njiani, atafika baada ya dakika ishirini.

Watano walikuwa wanajua. Walijibu kwa upole. Mmoja aliandika tu kwamba angetamani iwe kweli. Wa sita alikuwa Bi Lorraine wa Rockville, yule Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili kwenye madarasa ya jioni, uliyekuwa ukizungumza naye ukiwa umelala chali chini ya sinki lake. Yeye aliandika: "Karibu sana Rehema! Siku nyingi! Mlango ni wazi. Leo maji yanaanguka jikoni."

Sikumpigia simu. Nilijiambia kwamba habari kama hii haipelekwi kwa simu. Ukweli ni kwamba sikujua sentensi ianze wapi. Nikaendesha. Kwenye foleni ya barabara ya mzunguko niliitunga, nikaipanga, nikaikariri.

Mlangoni Bi Lorraine alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu kulitafuta gari lako. "Wewe ni Mwalimu," alisema. "Rehema aliniambia wewe huwezi kubadilisha hata balbu. Yeye yuko wapi?"

Sentensi yangu ilikuwa na vishazi vitatu. Nilisema, "Amefariki."

Alishika mwimo wa mlango. "Lakini ameniandikia leo."

Nikaanza kumweleza habari ya kitufe, nikasikia ninachosema, nikaacha. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka chini ya sinki, na taulo zake zote ziko sakafuni. Nilipiga magoti, nikashika koki niliyoamini kuwa ndiyo, nikaizungusha kwa uhakika. Ikanibakia mkononi. Maji yakanipiga kifuani. Bi Lorraine alikuwa analia, na akiwa analia vilevile akaanza kucheka: "Balbu! Ni kweli, balbu!"

Kasongo alikuwa karibu. Nilipompigia alifika upesi. Nilitaka kumpa historia ya nyumba ile kama ilivyo daftarini, lakini yeye alikuwa amekwisha kutoa simu yake na kuiweka sikioni, kisha, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, akaiweka juu ya meza na kuongeza sauti. Na wewe ukasema, jikoni mle, kwa ile sauti yako ya kuharakisha: "Kasongo, kwa Bi Lorraine koki kuu ipo nyuma ya mashine ya kufulia. Na usikatae chai, atakununia."

Sikuwa nimeisikia sauti yako tangu hospitali.

Alifunga maji. Nilimuuliza ulikuwa ukimrekodia maelezo ya namna hiyo tangu lini. "Miaka mine, Papa. Kila kazi. Alikuwa anapanga yote kwa simu."

Na daftari?

Kasongo alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Daftari ilikuwa ya wewe, Papa. Mama alisema: Mwalimu asipokuwa na kitu ya kuandika asubuhi, hasemi kitu mpaka mangaribi. Alinikataza kukuambia."

Nimelichunguza jambo hili kama ningechunguza hoja ya mtu mwingine, na sioni pa kulipinga. Kigezo hata kimoja katika vile kumi na vinne hakikuwa cha biashara ya mabomba. Vyote vilikuwa vya mazungumzo yetu. Nilikuwa nikitafuta programu ya kunisomea kazi za siku nikiwa nimekaa mezani, na hakuna anayeitengeneza. Wala wewe hukuwahi kuhitaji mwandishi; ulikuwa na mume asiyejua kuanza maneno, ukampa mahali pa kuanzia, kila siku, na ukamwacha aamini kwamba yeye ndiye anayekusaidia. Nilikasirika, nakiri, kutoka mlangoni kwa Bi Lorraine mpaka darajani. Baada ya daraja sikuiona barabara vizuri, ikanibidi niegeshe.

Lakini kabla ya kuondoka pale nilikuwa nimefanya lililopaswa kufanywa mwezi wa kwanza. Nilimpa Kasongo programu zote tatu, nikamwomba azijaribu kwa vidole vilivyolowa, akiwa chini ya sinki. Chai ya Bi Lorraine haikuwa imechemka alipoamua. Alichagua yenye vitufe vikubwa, inayotunza sauti zilizorekodiwa. Inatimiza vigezo vyangu vinne. Nimeikubali, na Kasongo amebaki.

Jana niliiandaa. Orodha ya mafundi ilikuwa na majina mawili. Nilipobonyeza kuondoa la kwanza, programu iliuliza kazi zake apewe nani, na haikukubali kuendelea mpaka nijibu. Nilikaa nalo swali hilo. Kisha nikachagua Kasongo, na jina lako likatoka. Hakuna kilichotokea. Skrini ilinishukuru.

Sasa sikia ahadi yangu. Katika orodha ya wateja wapo wengine kama Bi Lorraine, wasiojua. Programu haitamwandikia hata mmoja wao kabla hajasikia kutoka kwangu, kwa mdomo wangu. Nimeanza. Jana niliwapigia watatu. Wa tatu, mzee wa Fairfax, alinisimulia jinsi ulivyozibua choo chao siku ya arusi ya binti yake, ukiwa umevaa gauni la arusi hiyohiyo kwa kuwa ulikuwa mwalikwa. Hukuwahi kuniambia. Mwishowe akaniuliza, na wewe hali yako? Nilisema sijambo. Akangoja. Nikasema kwamba si kweli, na nikaendelea kusema kwa muda ambao sikuupima.

Kwaheri, mke wangu. Wamebaki wengi. Nitampigia kila mmoja, na atakayeniuliza nitamjibu.

Baba Neema