Barua ya Posa Niliyoitia Alama

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, nawe usome hadi mwisho kabla ya kunihukumu. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, sasa nimestaafu hapa Mikindani nilipozaliwa na kuoa, na mwezi uliopita wazee wa Mpapura walileta barua ya posa kwa binti yangu Shamimu, ambayo kijana wao Sudi, mkulima wa korosho, aliiandika kwa Kiingereza ili kunifurahisha, nami nilipoifungua nikakuta kirai nomino kisicho na neno kuu, kirai kihusishi kinachoning'inia peke yake, na virai vielezi vitatu vimerundikana penye nafasi ya kimoja, basi mkono ukaenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu, nikapiga mistari, nikaandika pembeni aina ya kila kirai, nikatoa alama thelathini na nane kwa mia, nikamrudishia mshenga, Mzee Selemani, ili kijana asahihishe na kuileta tena.

Mzee Selemani aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Tumesikia, mwalimu," akaondoka bila kugusa chai. Tangu hapo ni kimya. Shamimu halii, ila hanimalizii sentensi. Juzi nilimuuliza chakula kiko wapi, akanijibu, "Juu ya meza." Ni kirai kihusishi, tena hakina kosa, lakini kiliniuma.

Nifanyeje?

Mwalimu Hemedi
Mikindani, Aprili 2001

Mwalimu Hemedi,

Pole, ingawa wa kwanza kupewa pole ni Shamimu. Umezaliwa pwani hii, umeoa pwani hii, na hujui kwamba barua ya posa ikirudi mikononi mwa mshenga, posa imekataliwa? Wewe ulidhani unarudisha daftari. Wao wameona kijana wao amekataliwa mbele ya ukoo mzima, tena kwa alama.

Nimecheka, sikufichi. Lakini Sudi aliacha mikorosho yake akakaa na kamusi ili akuheshimu kwa lugha yako, nawe ukampima kama mtahiniwa.

Usitume mtu. Ijumaa baada ya sala, nenda mwenyewe Mpapura pamoja na ndugu yako mmoja, uwaombe radhi Mzee Selemani na wazazi wa kijana. Usianze kufafanua virai, hakuna aliyeviuliza. Kisha omba urudishiwe barua ileile, na makosa yake yote. Wakikupa, posa imepona. Itie mfukoni bila kuisoma, kula watakachokuandalia, halafu urudi umuulize Shamimu anataka nikahi mwezi gani. Atakaoutaja, ndio huo.

Bi Somoe