Sala Iliyopoza Chai

Baba watoto na wanangu,

Teksi inapiga honi, naandika mbio. Nampeleka binti yetu mgeni uwanja wa ndege. Mwaka wake wa masomo ndio umekwisha. Wali uko kwenye hotipoti, mchuzi kwenye friji. Pasheni moto, ila mkiniunguzia sufuria mpya tutaonana wabaya. Mashuka yake ~~yalowekeni~~ yaacheni kwanza.

Mlipotoka tu, nilimwambia aombee chai. Mnamjua: mwaka mzima ni "Asante Mungu, tule, amina," nanyi mnamshangilia, maana sala ya Baba hupoza chakula. Leo kamshukuru Mungu kwa Baba na kukoroma kwake, kwa kitindamimba mwizi wa soksi, kwa paka, hata kwa bomba letu linalovuja. Chai ikapoa. Nikafumbua jicho moja nimkanye, nikaona mashavu yamelowa. Kumbe mtoto hakutaka kufika kwenye amina.

Jioni hii ilikuwa iwe zamu yake kuombea chakula. Baba watoto, mshikie zamu, omba urefu upendao. Kikipoa, kipoe.

Mama