Ukingo Umesogea Bila Jembe Lako

Yaya wangu,

Hapa Kamalondo sina tena mtu wa kubishana naye. Vijana wa baa wananiita profesa na kunikubalia kila ninachosema. Sijawahi kuwa mpweke kiasi hiki. Wewe tu, dada yangu mkubwa, hukuwahi kuniogopa.

Unakumbuka pale mto unapoingia katika ziwa la bwawa? Kila mvua zikiisha ulivua viatu, ukakanyaga mchanga mpya na kuchomeka vijiti mahali pa tuta lijalo la mboga zako za lengalenga. Mimi nilisimama nyuma nikihubiri: mto ukikuta maji yaliyotulia unaishiwa nguvu, unatua kwanza mchanga mzito, tope jepesi linakwenda mbele kidogo, mdomo ukijaa, mto unagawanyika, na kila mkono unasukuma nchi kavu ndani ya ziwa. Ndiyo delta, nikasema. Ukacheka akili zangu za kitabuni, ukanionyesha udongo chini ya miguu yako.

"Wacha mayele ya mu buku! Maji inatuletea bulongo, weye leta jembe."

Sikuleta jembe. Niliandika gazetini kwamba ninyi wenye bustani ndio mnaolijaza ziwa kwa matuta yenu. Andiko lilisifiwa sana. Baada ya wiki mbili walikuja watu wa serikali na karatasi ya amri mkononi, wakang'oa mboga zako zote. "Weye ulishinda, mudogo," ulisema, ukapanda gari la Likasi kwa binti yako. Simu zangu hupokei.

Sasa sikiliza. Huu ni msimu wa tatu hakuna aliyelima pale. Jana nilikwenda. Kutoka tuta lako la mwisho, ukingo umeingia ziwani hatua kumi na tisa, na matete yameshaota. Bila jembe hata moja! Mchanga unatoka juu, kwenye vilima ambako wachoma mkaa wamemaliza miti. Nilikuwa nimesoma yote hayo, Yaya, na bado nikamshtaki aliyesimama juu ya mchanga, kwa kuwa ndiye niliyemwona.

Nimeandika kwamba nilikosea. Mhariri amekataa: eti hakuna anayenunua gazeti kusoma majuto. Basi Jumapili nakuja Likasi na karatasi yangu. Usiponifungulia, nitaisoma mlangoni, kwa sauti ile unayoichukia, mpaka majirani wako wote wajue kwamba nilikusingizia. Ukitaka ninyamaze, itakubidi ufungue.

Mpaka hiyo Jumapili,
mdogo wako mkaidi