Kipande Kidogo cha Inchi

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Viatu,
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa Kidoti,

Hujambo mwanangu? Kile kikohozi kimekuachia? Huku sote wazima, ila cherehani yangu inakohoa kumshinda bibi yako.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, nikalia. Pole sana. Kumbe mwalimu alisema mwache robo inchi kwenye mshono wa kwapa, wewe ukaacha thumni, yaani moja ya nane, ukidhani ndiyo kubwa kwa kuwa nane inazidi nne. Gauni likafumuka ukiwa umelivaa mbele ya darasa zima, wakacheka. Sasa unataka kuacha chuo kabla ya mtihani wa marudio.

Nikupe siri, hata baba yako haijui. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikata hivyo hivyo sare kumi na mbili. Kwapa zote zikafumuka siku moja. Loo! Nilijifungia chooni mpaka fundi aliyenifunza kazi akaja kunibembeleza nitoke.

Hakunigombeza. Alikata karatasi ya upana wa inchi moja, akaikunja katikati mara tatu, akaikunjua. Vipande vinane. Akasema, "Mkigawana wengi, kila mtu anapata kidogo." Basi wiki nzima nilipimia kile kipande kimoja tu. Viwili, robo. Vinne, nusu. Vitano, thumni tano. Vinane, inchi nzima. Ukishamjua huyo mmoja, wengine wote ni yeye tu kajirudia. Haba na haba, mwanangu, na kibaba chenyewe ni inchi!

Karatasi nimekukunjia, imo humu ndani. Hukuwa mjinga, hukuonyeshwa tu.

Baba yako anataka urudi nyumbani. Nimemwambia mbele ya bibi yako asithubutu kukutumia nauli. Tumenuniana tangu juzi. Ukinikasirikia na wewe, nitavumilia.

Bibi anakusalimu sana. Mdogo wako Mapengo naye anakusalimu, ameng'oka jino la tatu.

Na ukifeli tena huo mtihani wa Jumatatu ya tarehe 22, je? Basi nitumie hilo gauni. Nitalivaa mimi, kwapa wazi, nilipitishe sokoni mchana kweupe. Anayetaka kucheka aanze na mimi. Lakini wewe kaa hapo hapo chuoni.

Mungu akutulize mkono na moyo.

Ni mimi nikupendaye,
Shangazi yako, Fundi