Dishi Lako Limeleta Misa

Buswelu, Jumapili

Kaka Jovinary, shikamoo.

Huku tuko wazima, ila magoti ya mama yanamsumbua, kanisani hafiki tena. Sasa kaa vizuri nikupe habari.

Lile dishi lako, ambalo mama aliamuru lishushwe baada ya ugomvi wenu kwenye msiba wa baba, akawa anaanika dagaa ndani yake, leo linaonyesha televisheni, na hatulipii chochote! Nililisugua mpaka harufu ikatoka, nikanunua king'amuzi cha chaneli za bure, nikalifunga uani na kulielekeza kwenye setilaiti nyingine. Nililisogeza kidogo kidogo huku jirani yetu Odeta akitazama televisheni na kunipigia kelele dirishani, "Bado. Bado. Hapo hapo, usipumue." Picha ikawa inakatikakatika; kumbe jani la mgomba lilikuwa limeziba mbele ya dishi. Nilipolikata tu, picha ikatulia.

Cha kwanza kuonekana kilikuwa misa. Mama akaenda kuvaa kitenge chake cha Pasaka, akarudi akasimama kwa magoti yale yale, nasi tukasimama. Padri aliposema mtakiane amani, mama alinipa mkono, akampa Odeta. Kisha akageukia kile kiti chako cha karibu na mlango, akaunyoosha mkono pale pale kwenye utupu, akasema, "Amani iwe nawe, Jovinary."

Tangu uondoke, jina lako lilikuwa halitajwi humu ndani.

Njoo Jumapili uupokee mkono huo mwenyewe.

Mdogo wako, ambaye mikono yake bado inanuka dagaa,
Kokulinda